MJADALA: Mchoma mkaa amekosa elimu, au amekosa mamlaka juu ya msitu?

Salaam kwenu nyote. Nauweka msimamo wangu wazi mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Elimu ya mazingira kwa watu wazima, kwa namna tunavyoitoa sasa hapa Tanzania, haina tija. Semina za siku moja, fulana za kampeni na maandamano ya wiki ya mazingira viachwe. Fedha zake zirudishe madarasa ya watu wazima vijijini, yanayodumu kwa miezi na kufundisha mambo matatu: sheria inampa mwanakijiji haki gani juu ya msitu, hesabu ya mapato ya msitu huo, na namna ya kuuvuna bila kuumaliza.

Nasema hivi kwa sababu vikao vyetu vya mkaa na ukataji miti huishia kwenye azimio moja: wananchi wapewe elimu. Diwani analisema, mtaalamu wa wilaya analirudia, mfadhili anatikisa kichwa kukubali. Hakuna anayeuliza elimu ipi, itolewe na nani, kwa muda gani, na huyo aliyefundishwa akiamka kesho asubuhi atafanya nini ambacho jana hakuweza kukifanya.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya ardhi yote, na kwamba tunapoteza zaidi ya hekta 372,000 kila mwaka. Lililonigusa zaidi ni kwamba karibu nusu ya misitu hiyo iko kwenye ardhi ya vijiji. Haiko ndani ya hifadhi yenye geti na askari. Iko nyuma ya nyumba za watu, na wanaoamua hatima yake ni watu wazima walio hai leo. Klabu za mazingira shuleni ni jambo jema, lakini mtoto wa darasa la nne hana sauti kwenye mkutano wa kijiji, na atakapokuwa nayo msitu utakuwa umeshakwisha. Mwalimu Nyerere alilieleza hili mwaka 1964 alipokuwa akizindua mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano: tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijagusa uchumi.

Sasa niwaeleze elimu yenyewe inavyokuwa. Nilihudhuria semina moja katika kijiji chenye msitu wa asili wa miombo mkoani Morogoro. Bango lilikuwa limefungwa kwenye nguzo mbili za ofisi ya kijiji, jenereta likiunguruma nyuma, na mwezeshaji kutoka mjini akionyesha picha za tabaka la ozoni na barafu inayoyeyuka. Watu walikaa kimya kwa heshima. Ulipofika wakati wa maswali, mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasimama: "Mwalimu, usiku nikikuta lori limepakia magunia ya mkaa kutoka kwenye msitu wetu, na dereva anasema ana kibali, mimi nina haki ya kukiona hicho kibali?" Mwezeshaji akamshukuru kwa swali zuri na kusema litafikishwa kwa wahusika. Zikafuata soda na posho, gari likaondoka. Yule mama alikuwa ameuliza somo zima lililohitajika siku ile, na hakuna aliyemfundisha.

Jibu lake lipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, kuunda kamati ya maliasili, kufanya doria, kutoza faini na kubaki na mapato. Haya ni mamlaka makubwa. Lakini nendeni vijijini mkaulize ni wangapi wanajua kuwa wanayo.

Wapo watakaosema elimu ya watu wazima ni ndoto za zamani. Mimi naona hapo zamani ndipo penye somo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kwa wiki 12, wakisikiliza kipindi cha redio pamoja, wakisomewa kijitabu, wakijadili, kisha wakikubaliana la kufanya kabla ya kipindi kinachofuata. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, mtu wa palepale kijijini. Vyoo vilichimbwa kwa wingi, maji yakachemshwa, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali.

Angalieni tofauti ya kampeni ya kwanza na hiyo ya misitu, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Mtu akishafundishwa kuhusu choo, anachukua jembe lake na kuchimba kwenye kiwanja chake. Haombi ruhusa ya mtu. Akishafundishwa kuhusu msitu anatazama nje na kuona mali ambayo hajui kama ni yake, ya halmashauri, ya Wakala wa Huduma za Misitu au ya mfanyabiashara mwenye kibali. Ukimwambia autunze, unamwomba awatunzie wengine. Yeye akiacha kukata leo, kesho atakata mwingine, na fedha zitakwenda mjini. Anayekata mti katika hali hiyo si mjinga. Amepiga hesabu zake sawasawa.

Hoja nzito dhidi yangu ni hii: elimu ya nini, toa amri! Wanaosema hivyo wana mifano. Katika milima ya Irangi, Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke. Majani yakarudi, na makorongo yaliyokuwa yakimeza mashamba yakaanza kutulia. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na ndani ya muda mfupi ikatoweka sokoni, kwa sababu aliyekamatwa nayo alikabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 30,000. Hakuna aliyesubiri watu waelimike kwanza.

Siwezi kuipuuza mifano hii. Lakini mifugo ya Kondoa haikuyeyuka, ilikwenda kulisha kwingine. Na plastiki inatoka kwenye viwanda na mipaka unayoweza kuihesabu. Hata hivyo vifungashio laini vilipenya na kugeuzwa mifuko ya kubebea, hadi mwaka 2021 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikalazimika kupiga marufuku matumizi hayo. Mkaa unatoka kwenye matanuri ya udongo yaliyotawanyika porini, ambayo hakuna askari wa kuyafikia yote. Marufuku ya mkaa ya mwaka 2006 mnaikumbuka. Haikudumu.

Mfano ulionishawishi mimi ni Shinyanga, na hapa naomba tusipite haraka.

Nchi ile ilifyekwa miti tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya kupambana na ndorobo, kisha pamba na mifugo vikamaliza palipobaki. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakipikia samadi na mabua. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walifika na miche ya kigeni, lakini kilichofanya kazi kilikuwepo kabla yao: ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ardhi ikiachwa hivyo, visiki na mizizi vinachipua vyenyewe bila kupanda mche hata mmoja. Ngitili za familia na za vijiji zikaenea hadi kuvuka hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Somo lilifundishwaje? Wataalamu walikaa na wazee, wakaangalia pamoja ng'ombe wamekonda wapi na kwa nini. Sheria zilijadiliwa kwenye dagashida, mkutano wa kimila ambapo kila mtu husema na uamuzi humfunga kila mtu. Aliyeingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzake alitozwa faini na majirani zake, watu anaokutana nao msibani na sokoni. Hiyo kwangu ndiyo elimu ya watu wazima: wanajadili jambo lililo mikononi mwao, wanaamua, na matokeo wanayaona kwenye maziwa, kuni na nyasi za kuezekea.

Kilosa nako kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu. Msitu wa kijiji unagawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, unavuna kimoja na kuruka kingine kama vyumba vya drafti, na kitalu kilichovunwa kinapewa miaka 24 kurudi. Mchoma mkaa anajifunza kukata akiacha kisiki kichipue na kupanga tanuri lisiunguze magogo yakawa majivu. Kijiji kinatoza ushuru, na mkutano mkuu unaamua fedha ziende wapi. Ndugu zangu wa uhifadhi wengine hawapendi kusikia mkaa na uhifadhi katika sentensi moja. Mimi naona hapo ndipo mtu alipopata sababu ya kujifunza.

Kuhusu mjini nitasema kidogo. Tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi zimeagizwa ziache kuni na mkaa. Ni sawa. Lakini mama ntilie wa Manzese hahitaji kuambiwa kuwa moshi unaumiza kifua. Anaupumua kila siku. Ananunua mkaa wa kopo kwa sababu fedha ya leo inatosha mkaa wa leo, wakati mtungi wa gesi unataka fedha nyingi kwa mkupuo. Shida yake ni bei, na bei haitibiwi kwa bango.

Majirani zetu nao wana la kutufunza. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, alikuwa na desturi katika semina zake. Aliwaomba watu wataje matatizo yao, kisha chanzo chake, kisha nani wa kuyatatua. Karibu yote yaliangukia serikali. Ndipo akawauliza sehemu yao ni ipi. Wanawake ambao wataalamu waliamini hawawezi kuotesha miche bila diploma walipanda mamilioni ya miti, na walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona. Mche uliopona, siyo uliopandwa siku ya mgeni rasmi.

NYONGEZA: nimesoma michango ya mwanzo, najibu miwili.

Wa kwanza ameuliza nani atalipa madarasa ya miezi. Swali la haki. Nimewahi kuwezesha darasa la MUKEJA, mpango wa serikali wa elimu ya watu wazima, na najua posho ya mwezeshaji ni ndogo na huchelewa hadi anakata tamaa. Pendekezo langu ni kwamba kijiji chenye msitu uliotengwa kisheria kiweke sehemu ya mapato yake kwa darasa hilo, kama kinavyoweka kwa doria. Kwa vijiji visivyo na mapato bado, zitumike fedha za semina, kwa sababu gharama ya gari, mafuta, ukumbi na posho za siku moja zingemweka mwezeshaji wa kijijini kazini kwa muda mrefu.

Wa pili amesema: "Ukiwapa wanakijiji mamlaka, mwenyekiti na kamati yake watauza msitu kabla ya jogoo kuwika." Hili limetokea mahali pengi na sitalikana. Lakini tazameni linavyotokea. Ushuru unatozwa kwa gunia, mfanyabiashara anajaza lumbesa, yaani gunia lililopitiliza kipimo, gunia moja kwenye stakabadhi ni karibu mawili kwenye mzani, na tofauti inaishia mifukoni. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa harakaharaka kwenye mkutano wa kijiji, na wengi hawawezi kuifuata. Mwaka 1967 asilimia 67 ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 walibaki chini ya asilimia 10. Tuliweza. Mwanamke anayejua kusoma stakabadhi, kupima kilo na kuzidisha kwa bei ya ushuru anamtisha mwenyekiti mwizi kuliko mkaguzi anayefika mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana nimeweka hesabu katika mambo yangu matatu, na nisingekubali iondolewe hata kama muda ungekuwa mfupi.

Sasa naomba wenye uzoefu waseme. Mliopo Shinyanga na Simiyu, ngitili zenu ziko katika hali gani leo, na vijana waliorithi ardhi wanaziheshimu au wanazigawa mashamba? Mliopo Kilosa, mapato ya mkaa bado yanasomwa mbele ya mkutano mkuu? Na wewe unayeamini amri inatosha, nieleze nani atasimama porini saa nane usiku lori likipita, na atalipwa na nani.