Simu ikilia tumbo linakaza. Kuna muuguzi mwenzangu hapa?

SistaWaZiwani (Kisumu)
Hamjambo. Mimi ni muuguzi hapa Kisumu. Juni 2021, kaunti 13 za ukanda wa ziwa zilipobanwa na kafyu ikawa inaanza saa moja jioni, nilikuwa wodi ya korona. Jamaa hawakuruhusiwa kuingia, basi simu za wagonjwa tulizishika sisi. Mzee hana nguvu ya kuinua mkono, binti yake anamsemesha Kijaluo, nami nimemwekea simu sikioni, jasho limejaa ndani ya glavu. Nyingine ziliendelea kulia chini ya mto mwenyewe akiwa ameshafariki. Kutoa habari ni kazi ya daktari, lakini “Mama” anapiga mara ya nne mbele ya macho yako, utafanyaje?

Hadi leo simu yangu naizima sauti. Mama mkwe anasema nina maringo. Mume wangu ananiambia korona iliisha.

Aliyewahi kwenda kwa mshauri nasaha wa kazini aniambie: yanaandikwa kwenye faili? Matroni wetu ana mdomo.

TabibuKakamega
Pole sana sista. Mimi sikuvunjikia wodini. Ni Desemba 2020, Daktari Stephen Mogusu alipouawa na korona akiwa na miaka 28, tukasikia kwamba alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi. Baada ya hapo nikivaa yale mavazi ya kujikinga nahisi hasira tupu. Sikulia. Nilikuwa mkali tu, mpaka watoto wakawa wananyamaza nikiingia nyumbani.

Nenda, ila si kwa wa kazini. Faili sijui, midomo naijua. Mimi nilienda Eldoret, ambako hakuna anayenifahamu.

MamaMstaafu (Nakuru)
Wanangu, miaka ya ukimwi kabla ya dawa tulipoteza wagonjwa kitanda hadi kitanda, na hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje. Tulisali, tukarudi zamu.

SistaWaZiwani
Shikamoo mama. Usingizi ulikuwa unaupata?

MamaMstaafu
Marahaba. Hapana. Nenda Eldoret.

SistaWaZiwani
@TabibuKakamega huyo wako anapokea watu Jumamosi? Na anatoza ngapi? Nikitoa nauli, mwezi huu sina kingi.

TabibuKakamega
Jumamosi yupo mpaka saa saba mchana. Malipo mnaelewana, mimi alinikubalia nilipe kidogo kidogo. Niandikie pembeni nikupe namba yake, anajibu ujumbe.