Wakuu naombeni ushauri, nimebadilisha frikwensi kwa tamino (ile skrini nyeusi ya kuandika amri) antena ya Uru imepotea

MangiVocha:
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, nina kabiashara kangu ka wifi ya vocha. Bomba langu liko Majengo juu ya paa kwa mama, lingine liko Uru kwa mjomba, kila upande nimefunga antena ya MikroTik SXT ya 5 GHz. Majengo ndo inayorusha, Uru inapokea. Ilikuwa inakimbia vizuri tu ila tangu masika yaanze ikifika saa 1 jioni wateja wa Uru wananipigia net inakatakata. Winbox (programu ya kuseti MikroTik) ya kule inazunguka tu haifunguki, dogo mmoja akaniambia ingia na PuTTY kwa ssh, yaani unaandika amri kutoka mbali, ile skrini nyeusi ni nyepesi hata net ikiwa mbovu inaingia. Kweli nikaingia, nikapiga

/interface wireless registration-table print

signali -79. Nikajua kuna watu wananikalia kwenye chaneli, nilikuwa 5745 MHz, nikasema nihame. Nikaanza na Uru:

/interface wireless set wlan1 scan-list=5620

Enter. Ikakata, hiyo nilitegemea, nikaenda Majengo nikaweka frequency=5620, nikasubiri kama dakika 3 nne hivi hakuna kitu, nikaogopa nikairudisha 5745. Bado hakuna kitu. Mjomba kasafiri na funguo anazo yeye, geti limefungwa, mvua inanyesha. Nifanyaje jamani, wateja wananitukana.

babu_kihamba:
Pole mangi. Hiyo skrini nyeusi haiulizi mara mbili, ukisema ruka inaruka.

FundiNjiro:
Mkuu hujaharibu kitu tulia. Fikiria hivi, Uru umeiambia isikilize 5620 peke yake, wewe umerudi 5745, itakusikia wapi sasa? Rudi 5620 halafu ACHA. Kuanzia 5600 mpaka 5650 ni eneo la rada za hali ya hewa, kwa nchi nyingi kwenye seting'i za kifaa antena inayorusha lazima kwanza inyamaze dakika 10 nzima isikilize kama kuna rada ndo ianze kurusha. Wewe umetoka ya 4. Piga /interface wireless monitor wlan1 uone, itakuambia yenyewe kwamba bado inatafuta rada. Chaneli zingine za rada, mfano 5580, ni dakika 1 tu, na 5180 haina kusubiri.

MangiVocha:
Duh! Kwa hiyo nilikuwa naitoa kabla haijaanza kurusha? Ngoja nijaribu.

ChaliiWaNgaramtoni:
Oya chalii usijisikie vibaya, mimi mwaka jana nilipiga scan mchana kweupe kwenye inayorusha, wateja wote chini, nimekaa naangalia orodha ya mitandao ya majirani kumbe simu inaita nimeiweka sailenti 😂. Scan ya kawaida inakata kila aliyeshika hapo. Ukitaka kuscan upande wa mbali fanya hivi:

/interface wireless scan wlan1 duration=20 save-file=majirani

itakutupa nje sekunde 20, ikirudi hewani unaingia unasoma faili. Ila usisahau hiyo duration, maana ukiisahau kwa upande wa mbali ndo utapanda boda.

FundiNjiro:
Na siku nyingine upande wa mbali uachie njia mbili, scan-list=5745,5620, hapo Majengo ukienda huku au ukirudi kule itakufuata tu. Kabla hujagusa kitu bonyeza Ctrl+X, utaona neno SAFE pale unapoandikia. Ukikatika inasubiri kama dakika 9 halafu inafuta yenyewe ulichobadilisha. Ila hesabu vizuri, rada ni dakika 10 na SAFE ni 9, Uru itakuwa imesharudi ya zamani wakati Majengo ndo kwanza inaamka. Mtapishana njiani kama daladala. Ndo maana mi naipenda 5180 kwa kazi hizi.

DadaMitambo:
Kaka samahani naingilia, mimi naona chaneli wala siyo ugonjwa wako. -79 ni ndogo hata ungekuwa peke yako hewani Kilimanjaro nzima, ningekuwa mimi nisingelala mpaka ifike -65 (namba ikisogea kwenye sifuri ndo signali kubwa). Saa 1 jioni ndo watu wamerudi nyumbani wote wanaangalia video, signali ya kubabaisha inashindwa mzigo. Na umesema imeanza na masika. Kuna mti katikati? 5 GHz inachukia majani na yakilowa ndo kabisa.

MangiVocha:
MIREJESHO. Imerudi!! Dakika ya 11 hivi nimeiona Uru kwenye orodha, nimepiga kelele mpaka mama kaja kuangalia. Nimeweka scan-list mbili kama alivyosema fundi, na Ctrl+X sasa hivi naibonyeza hata nikiwa naangalia tu. Dada umepatia, signali ni ile ile -79. Kuna grivelia ya shambani kwa mjomba imenyooka sana miaka hii, iko mbele ya bomba kabisa.
Swali dogo, rauta mpya ya dukani ni MikroTik hAP ax, kila nikiandika interface wireless inaniambia bad command name, imekufa?

FundiNjiro:
Haijakufa, hizo mpya wamebadilisha jina, andika /interface wifi registration-table print. Ukikwama bonyeza TAB inamalizia yenyewe.

DadaMitambo:
Na huo mti?

MangiVocha:
Nimempigia mjomba, anasema ule mti kaupanda babu, nisishike panga mpaka akae na shangazi kwanza. Nimeanza kutafuta bomba refu zaidi. Mwenye la futi 20 Moshi hapa anicheki.