Adui kakatwa upanga, bado anaongea: inawezekana kweli?

Kalamu_Butu: Wakuu, naombeni ushauri. Naandika riwaya ya mapigano ya zamani. Sura ya saba, shujaa anampitishia adui upanga kiunoni. Adui anatabasamu, anasema maneno mawili matatu, anapiga hatua tano, ndipo anakatika vipande viwili. Mdogo wangu kasoma, kacheka hadi machozi: "Kaka, huyu mtu au mgomba?" Nifute, au kuna ukweli hata kidogo?

Nesi_wa_Zamu: Vipande viwili futa. Uti wa mgongo ukikatwa, miguu haina wa kuiamuru, anaanguka palepale. Lakini kuchelewa kwenyewe kupo. Nimeshapokea mtu kaja kwa miguu yake, analalamika kapigwa ngumi ubavuni. Kuvua shati, tundu la kisu.

Bahari_ya_Jana: Kisa cha kweli hiki hapa. Tarehe 10 Septemba 1898, mjini Geneva, Elisabeth, mke wa Kaisari Franz Joseph wa Austria, alikuwa akienda kupanda meli. Luigi Lucheni akamvamia na kumchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa. Mama wa watu akaanguka, akainuka, akatembea hadi melini akidhani amepigwa tu. Alizimia akiwa ndani ya meli. Walipomlegeza nguo ndipo wakaona kidoa cha damu. Tupa ilikuwa imefika moyoni!

Kalamu_Butu: Duh. Alitembeaje na moyo umetoboka?

Nesi_wa_Zamu: Tundu lilikuwa dogo, na koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno na kifua, ilimbana. Damu ikivuja polepole hujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, mpaka moyo unakosa nafasi ya kutanuka. Hapo ndipo mtu anazima. Kwa hiyo kuchoma kunaweza kukupa dakika kadhaa za hadithi. Kufyeka kiuno hadi uti wa mgongo hakukupi hatua hata moja.

Bucha_la_Kona: Mimi si daktari, nauza nyama. Kisu kikali hukisikii, butu ndicho kinachouma. Siku moja niliendelea kupima kilo ya mteja, yeye ndiye akaniambia damu ni yangu. Ila siku nilipokata kano, kidole kiligoma papo hapo, maumivu yakaja baadaye. Mkate adui yako mkononi: upanga umponyoke, aukodolee macho, asijue kwa nini vidole havifungi.

Kalamu_Butu: Bucha, hiyo naiiba mchana kweupe!

Nesi_wa_Zamu: Na usimpe hotuba. Anayepoteza damu nyingi hatoi mashairi: anahema, anatoka jasho la baridi, anaomba maji, anauliza jambo lile lile mara tatu.

Kalamu_Butu: Basi nimeandika hivi: anachomwa ubavuni, anadhani ni kiwiko. Anamtukana shujaa, anapanda ngazi, anamwambia mwenzake leo joto kali, shati limemlowa. Mwenzake anamtazama shati, hajibu.

Bucha_la_Kona: Ishia hapo hapo. Mgomba tuachie sisi.