Spika janja ya sebuleni, Tanga: niipime vipi kabla ya kulipa?

Mkazi wa Chumbageni: Wakuu, nataka spika janja ya Wi-Fi. Sebule ni mita 4 kwa 5, nasikiliza sana taarabu na redio. Intaneti yangu ni bando la simu. Dukani niangalie nini?

Fundi Sauti: Nenda na wimbo unaoujua vizuri, wenye qanuni, fidla na sauti ya mwimbaji. Anza na sauti ya chini, kisha ipandishe hadi karibu mwisho. Spika ndogo nyingi hupunguza besi zenyewe zikifika juu ili zisiungue, hivyo wimbo unabaki mkali na mwembamba. Nyuzi za qanuni zikianza kuchanganyikana, iache hata kama bei ni nzuri. Nyumbani usiibane kwenye kona, besi itavuma na kufunika maneno.

Bint Raskazone: Mkuu, bando ndilo la kupigia hesabu. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula kama MB 72 kwa saa, wa 320 mara mbili yake. Washa hotspoti ya simu kwa masafa ya 2.4 GHz, maana baadhi ya spika hazioni 5 GHz. Kuiunganisha mara ya kwanza, tumia simu ya pili iliyo kwenye hotspoti hiyo hiyo. Na Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon aliye kwenye baadhi ya spika hizi, haielewi Kiswahili, utaiamuru kwa Kiingereza.

Fundi Sauti: Nyongeza: hakikisha ina Bluetooth au tundu la waya, bando likiisha usikose muziki. Adapta isomeke 100–240V. Ya 120V tupu itaungua kwenye umeme wetu.