Dada anapigwa, nyumbani wanasema "funika kombe". Naomba ushauri

Habari zenu ndugu. Niko Tanga, Ngamiani. Dada yangu ameolewa barabara tatu tu kutoka kwetu, ana watoto watatu.

Jumapili alikuja kajitanda kanga mpaka machoni, eti jino linamuuma. Akakaa kwenye mbuzi kutukunia nazi, kanga ikamteleza. Shavu limevilia damu, sikio limechanika pale penye hereni. Mama aliona. Akamrudishia kanga vizuri, akasema, "Basi mwanangu, tui litatosha." Hakuna aliyeuliza kitu. Hata mimi nilikula ule wali, na ndicho kinachoniuma.

Wazee wameshawakalisha mara mbili. Shemeji analia pale mkekani, anaomba radhi, wiki haiishi.

Najua Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mtu kumchapa mwenzi wake. Najua pia polisi kuna dawati la jinsia na wanatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Dada hataki hata kusikia. "Akifungwa, watoto watakula nini? Na watu watasemaje, mtoto wa fulani kampeleka mumewe polisi?" Ukoo mzima unamuunga mkono.

Naombeni mnisaidie, hasa waliopitia haya. Naweza kwenda dawati mwenyewe bila ridhaa yake, au nitamzidishia kipigo? Na zile picha nilizompiga kwa simu (kwa shida, kakubali) zinasaidia? Za "mwambie aachike tu" nimeshazisikia.