Mrejesho: lile teke la kuruka

Asalaam aleikum wakuu. Ni yule wa Malindi aliyeuliza kama mtu wa mkanda wa njano (bado ngazi za mwanzo) aanze mateke ya kuruka, na kama yana kazi yoyote kwenye pambano la taekwondo. Majibu yenu yaligawanyika, nikaona nijaribu.

Aliyeniambia nianze na goti, Mungu ampe heri. Katika teke la mbele la kuruka, goti la mguu usiopiga ndilo linalokunyanyua: unalipandisha kwa nguvu, kisha ule mguu uliorukia unapita na kupiga ungali juu. Ukichelewa unapiga ukishuka, teke halina uzito. Kutua ni mbele ya unyayo kwanza, magoti yamekunjika, mikono bado inalinda uso. Nafanyia ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu. Ule mkavu wa juu unameza mruko wote.

Kuhusu pambano, aliyesema ni mbwembwe tupu kapatia nusu. Kwa kanuni za World Taekwondo, shirikisho la dunia la mchezo huu, kuruka kwenyewe hakuongezi pointi. Teke la kiwiliwili ni 2, la kichwa 3. Ukipiga kwa kuzunguka ndipo zinakuwa 4 na 5. Tena ukishakuwa hewani huwezi kubadili mwelekeo, mpinzani akisogea kando umekwisha. Mimi la kuruka nalitoa anaporudi nyuma tu, kufukuzia umbali.

La kuzunguka kocha bado kanikatalia. Wa Lamu, nyinyi mnafanyia wapi, mchanga wa Shela unashika?