Ripoti ya uthamini itoke kabla ya malipo au baada?

Wakuu, salaam. Tuliongee hili waziwazi, maana kila mthamini wa kujitegemea analilalamikia pembeni, halafu kesho anarudia yaleyale. Mteja anatafuta mkopo, benki imemwambia alete ripoti ya uthamini wa nyumba anayoweka dhamana. Unakwenda saiti, unapima, unakagua hati, unaulizia bei za mtaa, unaandika, unaipeleka kwa Mthamini Mkuu wa Serikali iidhinishwe. Mafuta ya gari ni yako. Ukidai ada yako unaambiwa, "Mkopo ukitoka tu nakumalizia." Ukitoka, simu haipokelewi. Usipotoka, ndiyo basi tena.

Msimamo wangu: nusu kabla ya kwenda saiti, nusu kabla ya kukabidhi. Ripoti yenye saini na muhuri haiondoki mezani kabla ya hapo. Wala si njaa tu inayonisemesha. Mthamini anayesubiri mkopo utoke ndipo alipwe, ameshakuwa na maslahi kwenye mkopo huo. Nyumba ni ya milioni 80, mkopo unataka ifike 110, naye anajua akiandika 80 ada yake imekwenda. Hapo uhuru wake uko wapi? Hapa Tanzania, tangu Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, tuna bodi ya kutuwajibisha, na siku ya kujieleza mbele yake mteja hatakuwepo.

Najua mtasema soko gumu. Haya, semeni.

Mthamini, Arusha
Mkuu, kwa mtu binafsi nakuunga mkono. Taasisi utaifanyaje? Wenyewe wanataka ripoti kwanza, ankara, risiti ya EFD (mashine ya kodi), ndipo faili lianze kuzunguka meza kwa meza. Ukishakata risiti, VAT asilimia 18 inakuhusu hata kama hujaona senti. Mimi nimelipa kodi ya hela iliyokuja miezi mingi baadaye, tena mlipaji ameikata kodi ya zuio ya asilimia 5. Nikigoma, kazi anaichukua jirani.

Mteja tu
Mbona hamzungumzii upande wetu? Nililipa nusu, mthamini akaanza kunizungusha. Ripoti ilipokuja benki wakaikataa, eti hayumo kwenye orodha yao. Hela yangu hakurudisha. Kabla ya kudai nusu, muwe mnamuuliza mtu anakopa benki gani.

Afisa mikopo
Huyo mteja ana haki. Benki nyingi zina orodha ya wathamini, na ada inaweza kukatwa kwenye akaunti ya mwombaji kabla kazi haijaanza. Shida ni pale mtu anapokuja na mthamini wake, wameshapatana bei ya kutupa na malipo ya baadaye. Ripoti ya hivyo nikiiona, kusema kweli, figa zake nazisoma mara mbili.

Jirani kutoka Nairobi
Huku tuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, ya kwanza ilianza Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, hukumu inatakiwa ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Ada nyingi za uthamini zinaingia humo. Lakini msije mkadhani hukumu ni pesa. Ukishashinda, kazi ya kumkamua mdaiwa inaanza upya.

Mwanzisha mada
Jirani, ndiyo maana nang'ang'ania kulipwa kabla. Huku kwetu madai ya mkataba yana miaka 6 ya kuyafikisha mahakamani, muda unatosha, ila nani ataacha kazi akafukuzane na mtu mwenye deni la laki nne?

Mteja, hoja yako naipokea: jina la benki liulizwe siku ya kwanza, na mthamini asiyekuwa kwenye orodha aseme hivyo kabla ya kugusa hela ya mtu.

Wa Arusha, kwa taasisi nalegeza, kwa kuwa wao watalipa tu, thamani ikiwa kubwa au ndogo. Andikeni mkataba wenye tarehe ya malipo, na bei ibebe huko kuchelewa. Kwenye mikopo sisogei. Na huyo mthamini mwenzetu anayekubali "mkopo ukitoka", ningependa aje hapa atueleze figa zake anazifikiaje.